Ziwa Albert: nta inayoziba bomba la kisima, na sababu ya wakaaji wa Ituri kuijua

Sokoni Butembo, asubuhi ya mwezi wa saba, kabla jua halijapanda, mama anayeuza mafuta ya mawese hawezi kukupimia hata kikombe kimoja. Bidoni imejaa, lakini ukiiinamisha hakitoki kitu. Mafuta yaleyale yaliyopakiwa kwenye pikipiki kule Beni yakiwa maji, sasa yameshikana kama uji uliolala. Mama hana wasiwasi. Anasogeza bidoni karibu na mbabula, au anaiacha juani huku akiuza chumvi na sabuni, na baada ya muda mafuta yanaanza kushuka tena.

Mafuta ghafi yaliyo chini ya Ziwa Albert, yale ambayo Uganda imeyatobolea visima ng'ambo ya Kasenyi na Tchomia, yana tabia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba bidoni yake ni bomba la chuma lililosimama wima ardhini, refu kwa mamia ya metre au zaidi ya kilomita, na hakuna mtu anayeweza kulisogeza karibu na moto.

Hapa kwetu neno petroli mara nyingi linamaanisha mafuta ya taa, kwa hiyo katika makala hii nitasema mafuta ghafi, yaani yale yanayotoka ardhini kabla ya kupikwa kiwandani na kugawanywa kuwa esansi, mazuti na vingine.

Ndani ya mafuta ghafi kuna mchanganyiko wa vitu vingi. Vyepesi ni gesi, vya katikati ndivyo esansi na mazuti, na vizito zaidi ni lami. Mahali fulani kati ya mazuti na lami kuna kundi linaloitwa parafini: minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, kuanzia kaboni 18 au 20 hivi na kuendelea. Mnyororo ukiwa mrefu, unaganda upesi zaidi. Hiyo ndiyo nta. Buji unayowasha umeme wa Virunga au wa SNEL ukikatika imetengenezwa kwa kitu hichohicho. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi kiasi kwamba yakiachwa kwenye joto la kawaida la nyumba yanakuwa kitu kigumu. Yanaanza kutiririka vizuri yakipita digri 40 hivi. Hata jua kali la Kasenyi halitoshi.

Joto linapotea njiani

Chini kabisa, ndani ya mwamba, nta haina shida na mtu. Kwa wastani joto la ardhi huongezeka digri 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka, na huko mafuta ni ya moto, yamebanwa na mwamba, na gesi nyepesi imeyeyuka ndani yake. Nta imeyeyuka pia, kama sukari katika chai.

Safari ya kupanda juu ndiyo inayoharibu. Kisima cha mafuta si shimo tupu. Kina bomba pana la nje lililoshikishwa kwenye mwamba kwa saruji, na ndani yake kuna bomba jembamba ambamo mafuta hupanda. Hilo la ndani, kwenye visima vingi duniani, lina upana wa inchi 2 na 7/8 au inchi 3 na nusu, karibu na mdomo wa glasi ya kunywea maji. Mafuta yakipanda humo, kuta za bomba zinayanyang'anya joto kidogo kidogo, kwa sababu mwamba ulio kando unazidi kuwa baridi kadiri unavyokaribia juu. Wakati huohuo mgandamizo unapungua. Ni kama kufungua chupa ya Fanta: gesi iliyokuwa imejificha inatoka kwa mapovu. Gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuyeyusha nta, na ikiondoka nta inabaki bila msaada.

Kuna joto mbili ambazo mafundi huzipima kabla ya jambo lingine lolote. Ya kwanza ni ile ambapo punje ndogo za nta zinaanza kuonekana ndani ya mafuta, na mafuta yanakuwa na ukungu. Ya pili, ya chini zaidi, ni ile ambapo mafuta yote yanasimama. Kipimo cha hiyo ya pili ni rahisi kwa namna ya kuchekesha: chupa ya mafuta inapozwa, na kila joto likishuka digri 3 inatolewa na kulazwa. Kama mafuta hayakusogea kwa sekunde 5, yameganda. Mama wa Butembo angefaulu mtihani huo bila kusoma kitabu.

Watu wengi wanafikiri hatari ni hiyo ya pili peke yake. Sivyo. Kisima kinachotoa mafuta ya moto kila siku kinaweza kuzibwa taratibu na ile ya kwanza. Ukuta wa bomba ni baridi kuliko mafuta yanayopita katikati, kwa hiyo nta inaganda ukutani kwanza. Utando wa kwanza ni mwororo, umejaa mafuta. Kadiri siku zinavyopita, mafuta yanajichuja na kutoka, nta inazidi kuingia, na utando unakuwa mgumu. Upana wa njia unapungua. Kwa mafuta yanayotiririka polepole, njia ikipungua hadi nusu ya upana wake, nguvu inayohitajika kusukuma kiasi kilekile ni mara 16. Si mara mbili. Ndiyo sababu kisima chenye nta kinaonekana kizima kwa muda mrefu, kisha kinaanguka ghafla.

Kukwangua, kuchemsha, kutia dawa

Njia ya zamani kuliko zote ni kukwangua. Kifaa chenye makali kinateremshwa ndani ya bomba kwa waya wa chuma, kinapanda na kushuka, kinakata nta ukutani, na mafuta yanaibeba nje. Visima vingine vinahitaji kazi hiyo kila wiki, vingine hata zaidi. Ni njia ya bei ndogo na haitumii sumu, ila kina siku zake mbaya: waya unakatika, kifaa kinabaki chini, na hapo kazi ya saa chache inageuka kuwa kazi ya siku nyingi ya kukivua kama samaki. Kwenye visima vinavyotumia pampu ya fimbo, ile inayoinama na kuinuka kama mtu anayesali, vikwanguo hufungwa kwenye fimbo zenyewe ili zisafishe bomba zikiwa kazini.

Njia ya pili ni mafuta ya moto. Lori lenye jiko linachemsha mafuta, kisha yanamiminwa katika nafasi iliyo kati ya bomba la nje na la ndani. Joto linapita chuma, nta inayeyuka. Imetumika kwa miaka mingi sana huko Marekani, na inapendwa kwa sababu unaona matokeo papo hapo. Lakini hesabu yake si nzuri kama inavyoonekana. Mafuta hayo yanapoteza joto haraka yakishuka, kwa hiyo sehemu ya juu ya kisima inasafishwa vizuri huku ya chini ikipata vuguvugu tu. Mbaya zaidi, mafuta yanayochemshwa mara nyingi huchotwa chini ya tangi, mahali ambapo nta huzama. Fundi anatia nta kisimani akidhani anaitoa. Ikifika chini na kuganda kwenye vitundu vinavyoleta mafuta kutoka mwamba, kisima kimeumizwa na yule aliyekuja kukitibu. Wengine leo wanatumia maji ya moto yenye sabuni maalum, kwa sababu maji hubeba joto zaidi kuliko mafuta.

Njia ya tatu ni dawa za kemikali, na hapa wakaaji wa pembeni ya ziwa wangepaswa kusikiliza kwa makini zaidi.

Dawa hizo ni za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa ambalo hata baadhi ya maofisa hulifanya wakizungumza. Aina moja ni ya kuyeyusha nta iliyokwisha kuganda. Hizo ni kali: zailini na toluini, ndugu wa zile zinazotumika kupunguza rangi ya kupaka nyumba. Zinawaka moto upesi, mvuke wake unadhuru kichwa na mishipa ya anayeuvuta, na si kitu cha kumwagika karibu na maji ambayo watu wanachota. Zamani zilikuwepo pia zenye klorini, zilizoyeyusha nta vizuri sana. Viwanda vya kusafisha mafuta vilizikataa kwa sababu hata kiasi kidogo chake huharibu mitambo yao.

Aina nyingine haiyeyushi kitu. Ni polima zinazotiwa kabla nta haijaanza kuganda. Zinajishika kwenye punje ya nta ikiwa bado changa na kuiharibia umbo, ili isiweze kushikana na wenzake na kujenga ukuta. Nta inabaki, lakini inatoka na mafuta ikiwa punje punje. Sharti ni moja: dawa iingie mahali ambapo mafuta bado ni ya moto. Ukiitia juu, kwenye mdomo wa kisima, wakati nta imeshaganda metre 400 chini, umetupa pesa. Kwa hiyo kisima kinawekwa kijibomba chembamba cha chuma, karibu na unene wa kalamu, kinachoshuka kandokando ya bomba la mafuta hadi kina kinachotakiwa, na dawa inasukumwa humo mchana na usiku. Kijibomba hicho ni bora kikawekwa siku kisima kinapojengwa. Kukiongeza baadaye maana yake ni kusimamisha kisima na kuvuta bomba zima nje.

Tena hakuna dawa inayofaa mafuta yote. Iliyofanya kazi kisima kimoja inaweza kushindwa kwa jirani, kwa kuwa urefu wa minyororo ya nta si uleule. Inabidi kupima, na kupima, na kupima tena kisima kikizeeka na maji yakianza kupanda pamoja na mafuta.

Kiasi chake kinahesabiwa kwa sehemu katika milioni, jambo linalofanya kisikike kidogo. Nimefanya hesabu yangu mwenyewe, kwa mfano tu, si kipimo cha mradi wowote: ukitia sehemu 500 katika milioni kwenye mapipa 190,000 kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha juu cha mtambo wa Tilenga upande wa Uganda, utahitaji zaidi ya lita 15,000 za dawa kila siku. Hayo ni malori, matangi, barabara, na watu wa kuvilinda.

Kuna njia ambazo hazihitaji kutia kitu. Mabomba yenye kuta mbili na ombwe katikati, kama termosi ya chai, huhifadhi joto hadi juu. Waya wa umeme unaweza kufungwa kwenye bomba na kulipasha. Bomba linaweza kupakwa plastiki laini ndani ili nta ikose pa kushikilia, ingawa kikwangua kikipita hapo plastiki nayo inachubuka. Na kuna jambo la bure kabisa: kutosimamisha kisima ovyo. Mafuta yanayopita kwa kasi hayana muda wa kupoa. Kisima kinachofunguliwa na kufungwa kila siku juu ya umeme kukatika au mazuti kukosekana ndicho kinachojaza nta. Wako pia wauzaji wa sumaku za kufungwa kwenye bomba, eti zinafukuza nta. Wanazo shuhuda nyingi kuliko vipimo.

Juba ilikosa mishahara

Anayedhani hili ni jambo la mafundi peke yao aangalie Sudan Kusini. Mafuta yake ya Upper Nile nayo yana nta nyingi, na yanasafiri kwa bomba kupita Sudan hadi Port Sudan. Februari 2024, katika eneo la vita ndani ya Sudan, bomba hilo lilisimama. Ripoti za wakati ule zilitaja ukosefu wa mazuti kwenye vituo vya kusukuma. Mafuta yalipoa, yakaganda. Mwezi wa tatu Khartoum ilitangaza kwamba haiwezi tena kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Bomba hilo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mafuta ya nchi ambayo karibu mapato yake yote ya serikali yanatoka humo. Wafanyakazi wa serikali mjini Juba walikaa miezi bila mshahara. Tangazo hilo liliondolewa Januari 2025, karibu mwaka mzima baadaye.

Nta haikuanzisha vita hiyo, lakini ilikuwa ikingojea nafasi, na vita vikaipa.

Kenya nayo inaijua. Mafuta ya Turkana yalisafirishwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa ndani ya matangi yaliyofunikwa ili yasipoe njiani, na shehena ya kwanza ikaondoka kwa meli Agosti 2019. Ilikuwa majaribio, na malori peke yake hayakuweza kuufanya mradi kuwa biashara.

Uganda na Tanzania zimechagua joto. Bomba la EACOP, kutoka Kabaale huko Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na upana wa inchi 24. Limefukiwa ardhini, limefunikwa kwa povu la kuzuia baridi, na waya wa umeme unalifuata ili mafuta yabaki karibu digri 50 mpaka baharini. Hakuna bomba lingine la kupashwa joto duniani lenye urefu huo. TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, makampuni ya serikali za Uganda na Tanzania yana 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 1, 2022. Mafuta ya kwanza yalitarajiwa 2025, kisha yakasogezwa hadi 2026.

Umeme huo, povu hilo, dawa hizo, vyote vinalipwa kabla serikali haijahesabu fungu lake. Watu wanaposikia Uganda ina mapipa bilioni 1.4 yanayoweza kutolewa, wanazidisha kwa bei ya pipa wanayoisikia redioni na kupata utajiri wa kutisha. Hesabu ya kweli inaanza kwa kutoa gharama ya kuyafanya mafuta yasiwe buji.

Na upande wetu?

Ziwa ni moja, na bonde ni moja. Hilo lilituletea shida tayari: mwaka 2007 risasi zililia ziwani karibu na kisiwa cha Rukwanzi, watu wakafa, na mwezi wa tisa mwaka huohuo marais Kabila na Museveni wakatia sahihi mapatano ya Ngurdoto, Tanzania, kuhusu mpaka na utajiri wa pamoja. Mwezi wa saba 2022 Kinshasa iliweka mnadani vitalu 27 vya mafuta sehemu mbalimbali za nchi, kisha Oktoba 2024 ikaufuta mnada huo. Mafuta ya Kongo yanaendelea kutoka Muanda tu, kando ya Atlantiki. Upande wa Ituri hakuna kisima kinachotoa mafuta.

Siku kampuni itakapokuja Tchomia, Kasenyi au Mahagi na kuitisha mkutano chini ya mwembe, kutakuwa na ahadi za shule, barabara na kazi. Tumezoea. Mimi ningependa kusikia mvuvi mmoja akiuliza maswali mengine. Mafuta yenu yanaganda kwa digri ngapi? Mtazuia nta kwa nini: joto, kikwangua au dawa? Kama ni dawa, ni ipi, itahifadhiwa wapi, na tangi likipasuka usiku nani atapiga simu kwa nani? Nta mtakayokwangua, ambayo hutoka imechanganyika na mchanga na mafuta, itatupwa wapi? Umeme ukikatika siku tatu, mpango ni upi?

Maswali hayo hayahitaji kisomo cha chuo. Majibu yake yanapaswa kuwa ndani ya ripoti ya mazingira ambayo sheria ya Kongo ya mwaka 2015 kuhusu hidrokaboni inaidai kabla ya kazi, na ripoti hiyo mkaaji ana haki ya kuiona. Tatizo ni kwamba ripoti za namna hiyo huandikwa kwa Kifaransa, kurasa mamia, na neno parafini linaweza kuwa ukurasa wa 340.

Uganda, Kingfisher, visima 31 vimepangwa kutobolewa kutoka ufukweni vikipinda kwenda chini ya ziwa, hivyo mashini zote zikae nchi kavu. Ni uamuzi mzuri kwa maji, na wahandisi wanastahili sifa kwa hilo. Lakini bomba lililolala ubavu ni gumu kukwangua kuliko lililosimama wima, kwa kuwa kifaa cha waya hushuka kwa uzito wake mwenyewe, na pembe ikizidi kinakwama. Kadiri kisima kinavyopinda, ndivyo mafundi wanavyotegemea zaidi joto na dawa. Kutoka hapo hadi nyavu za wavuvi wa Kasenyi kuna maji tu.